Kontua ya Elfu Moja na Mia Tano

Nilipanda na ramani nne ndani ya bomba la plastiki,
kalamu za rangi, na barua ya mkoa yenye mihuri miwili.
Kazi ilisomeka nyepesi: juu ya mita elfu moja na mia tano
paka buluu, huko serikali itagharimia theluji;
chini yake paka kijani, ukanda wa matembezi,
watu waje na viatu vizito wapige picha vyura.

Kijiji cha Piandorno kimepungukiwa mita kumi na saba.
Nimekipima mara tatu. Mara ya tatu
Nives alinishikia mlingoti kwenye ngazi za kanisa,
akatazama mnara, akasema,
"Na huo ukiuhesabu?"
Mnara una mita kumi na nne.

Jina lake, kwa Kilatini cha mapadri, ni theluji.
Alizaliwa usiku ambao mkunga
aliingilia dirisha la ghorofani, kwa miguu,
bila ngazi.
Sasa ana vyumba kumi na kimoja, taulo zenye nembo ya mlima,
na nje viti vya kamba ya umeme vinaning'inia, vina namba.
Cha thelathini na moja kina kiota.

Sitasema walidanganywa. Mgeni njoo, mwenyeji apone:
na kweli walipona.
Kampuni ilikuja na mwanasheria na keki,
ikanunua malisho kwa bei ambayo ng'ombe hajawahi kuifikia.
Ermete akauza ndama, akakata tiketi miaka thelathini na miwili.
Walipata meno mapya, bafu la ndani,
watoto wakasoma hadi chuo kikuu,
wakasoma vizuri,
hawakurudi.

Halafu baridi ikaanza kuchelewa kama mdaiwa.
Wakachimba bwawa, wakalitandika plastiki nyeusi,
wakaelekeza humo chemchemi ya Fontanadda
ili mizinga itapike theluji usiku.
Januari bomba la jikoni linakohoa, linatoa hewa,
na kule mlimani, juu ya nyasi za kahawia,
utepe mmoja mweupe
kama plasta kwenye goti la mtoto.
Wageni huteleza humo kwa foleni, kwa adabu,
wasije wakakanyaga udongo.

Mkutano ulikuwa ukumbini, chini ya kombe la mwaka wa sabini na nane.
Nilibandika ramani. Nikaeleza ufunguo, rangi sita.
Mtu wa wilaya akasema burudani ni haki ya raia,
akasema pia bajeti si mpira, haivutiki.
Ermete akainua mkono ule wa kukatia tiketi:
"Mstari huo umesimama, au nao unapanda?"

Nilikuwa na grafu. Sikuitoa mkobani.
Unapanda, mzee. Tangu nianze kazi hii umepanda
kupita nyumba za watu ambao niliwapaka buluu kwa mkono wangu.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
mstari haukai hiyo ya tatu.
Nilisema, "Takwimu bado zinachambuliwa,"
na mama mmoja nyuma akacheka,
si kwa ubaya, kama unavyomcheka
mtu aliyevaa shati ndani nje.

Usiku ikanyesha mvua. Februari, mvua.
Niliisikia ikishuka kwenye bati la kituo cha viti,
nikawasha taa, nikatandaza ramani kitandani,
nikanoa buluu, nikanoa kijani,
nikalala nguo mwilini.

Asubuhi meza kumi na moja, zote zimetandikwa,
vikombe vimefudikizwa,
kifungua kinywa cha mtu mmoja.
Nives hakuniuliza nimempaka rangi gani.
Akaleta siagi, akaleta bili.
Nikamlipa bei ya msimu wa juu.
Akahesabu polepole, akanirudishia
chenji ya msimu wa chini.